Hakukupita kwa Dharau

Hyattsville, Maryland
Machi 1998

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Nimeiacha peke yake kwenye mstari wake, kabla ya habari nyingine yoyote, kwa kuwa najua barua hii inaingia mikononi mwa mtu aliyenyimwa shikamoo na ambaye bado inamuuma. Pokea yangu kwanza. Ile nyingine tutaifikia.

Hali yako inaendeleaje hapo Same? Na Mama Mkubwa, goti lake limepata nafuu, au bado anapanda ngazi za kanisa kwa kulalamika? Mvua zile zilizokata barabara ya Usangi natumaini zimekoma na magari yanapanda tena. Mimi huku ni mzima wa mwili. Baridi imeanza kulegea, miti iliyokuwa mikavu inatoa vichipukizi, ila bado navaa makoti mawili, na Wanjiku, yule Mkenya ninayekaa naye, ananicheka kila asubuhi. Kazi ni ileile ya kuhudumia wazee. Moyo ndio haujatulia, na sababu unaijua, maana wewe ndiye uliyeniandikia.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Naomba niyarudie uliyosema kama nilivyoyaelewa, ili nikikosea unirekebishe, kama ulivyokuwa ukinirekebisha mezani kwako nilipokuwa mwanafunzi na nikikaa nyumbani kwako.

Shangazi alipofariki ulipanda Usangi kumzika dada yako. Gari lilikwama, ukamalizia kwa miguu na umri wako huo. Mazishi yalipokwisha ulisimama uani karibu na ukuta wa jiko, mahali ambapo kila atokaye kaburini lazima apite. Baba yangu akaja. Alikuwa peke yake, hana fimbo, akauruka vizuri mfereji wa maji unaokatiza ua. Akafika mbele yako kabisa. Ukanyamaza ukamngoja, maana yeye ni mdogo wako, na mkubwa haombi kuamkiwa. Akakutazama begani kama anayetazama nguzo, akapita. Hatua chache mbele mtoto mdogo wa jirani akasema, "Shikamoo, babu," na baba akaitika kwa sauti ya kanisani, "Marahaba, mwanangu!" Watu wote wakaona. Wewe hukugusa chakula. Ukashuka Same siku hiyohiyo, na umeapa kuwa hutatia mguu kwake, na kwamba hata siku ya kumzika yeye usitafutwe.

Mama aliniandikia kwamba baba alipoulizwa alisema hakukuona, na hakuna aliyemwamini. Wewe mwenyewe uliandika sentensi moja ambayo naijua sasa kwa moyo: "Mtu anayeuona mfereji hawezi kushindwa kumwona kaka yake." Ukaongeza kwamba asubuhi ileile alisimama kaburini na kitabu mkononi, akasoma somo lote bila kukosea neno.

Sentensi hiyo ndiyo imenishikisha kalamu. Nisipoijibu hiyo, mengine yote yatakuwa kubembeleza tu, na wewe hubembelezeki. Nimeogopa kuandika, kwa kuwa mtoto hamfundishi mzee. Lakini juzi Wanjiku aliniona nikikunja na kukunjua barua yako, akasema, "Si umwambie tu huyo mzee ukweli? Kwani atakuja kukuchapa huku Maryland?" Nikamwambia hakujui wewe. Akasema, "Then andika polepole, ataget point." Basi naandika polepole.

Itabidi uvumilie, maana jibu linaanzia kwa Wachina.

Tangu mwaka juzi namhudumia bibi mmoja Mchina anayeitwa Bibi Lau. Anakaa Washington penyewe, mtaa wa Wachina, kwenye jengo la ghorofa la wazee. Asubuhi napanda treni, nateremka karibu na uwanja mpya wa mpira wa kikapu. Tangu ujengwe, kodi za mtaa ule zimepanda, na maduka ya Wachina yanafungwa moja moja. Waliobaki wengi ni wazee. Nampikia, namsaidia kuoga, nampeleka sokoni. Kiingereza chake ni kidogo, na Kichina changu ni majina ya vyakula, lakini mambo yanakwenda.

Mwanzoni hayakwenda. Kila nikizungumza naye aliniangalia sikioni. Si usoni, sikioni, tena kwa pembe ya jicho, kidevu kakigeuzia pembeni. Unajua kwetu kumtazama mtu namna ile maana yake nini. Nikasema moyoni, huyu ameona mtu mweusi ameletwa kumfulia, hata uso wangu hataki kuutazama. Nilirudi nyumbani nimevimba. Wanjiku akaniambia, "Ignore yeye. Fanya job yako, ukimaliza kuja home. Wazee wako hivyo." Nikafanya hivyo, lakini iliniuma.

Macho hakuna aliyeyawaza. Bibi Lau hutembea bila fimbo. Kikombe kikiwa ukingoni mwa meza anakisogeza kabla mimi sijakiona. Alasiri hushuka ukumbini kucheza na wenzake mchezo wao wa vigae vidogo vyenye michoro iliyochongwa. Anaokota kigae, anakipitisha chini ya kidole gumba, anakitupa mezani bila kukitazama, na mara nyingi anashinda. Mimi nilidhani ni mbwembwe, maana wachezaji wao wote wazoefu hufanya hivyo. Kumbe wenzake walikuwa wakijishaua, na yeye kidole ndicho kilichokuwa kikisoma.

Kilichonishangaza kwanza ni mlango. Bibi Lau alianza kulalamika kwamba mlango wa bafu umepinda. Akaonyesha kwa mkono, hivi, kama nyoka. Mimi niliuona umenyooka, lakini akashikilia, nikamwita fundi wa jengo, bwana mmoja wa El Salvador. Alikuja na pima maji, akaiegemeza mlangoni, akaniita nione povu lilivyotulia katikati. "Mama, mlango mzuri," akasema, akaenda zake. Bibi Lau akaupapasa ule mlango kwa kiganja kutoka juu mpaka chini. Tangu siku hiyo hakuutaja tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa.

Ndipo barua yako ikafika. Na siku chache baadaye madaktari wa kujitolea wakaja ukumbini kwenye jengo lile kuwapima wazee macho.

Bibi Lau alikataa kushuka. Alisema macho yake mazuri. Baadaye nilijua alichokuwa akikiogopa. Binti yake, Bi Susan, ana nyumba kubwa Rockville, na alikuwa ameshasema kwamba mama akianza kudhoofu atamhamishia huko. Rockville ni kuzuri, kuna bustani, lakini mchana mzima hakuna mtu wa kuzungumza naye Kichina wala wa kucheza naye vigae. Basi bibi wa watu alikuwa anaficha. Nilimshusha kwa ujanja. Nilimwambia Bibi Wu anashuka, na sisi tunamsindikiza tu.

Huyu Bibi Wu lazima nikueleze, kwa sababu yeye ni kama wewe. Ndiye mkubwa wa jengo zima. Kwao pia mdogo ndiye huanza. Ukiingia mahali penye wakubwa unawataja kwa heshima zao, bibi fulani, shangazi fulani, ndipo unakaa, na asiyewataja huonekana hakulelewa. Sasa kwa muda mrefu Bibi Lau alikuwa akiingia ukumbini bila kumtaja Bibi Wu, na Bibi Wu alikuwa amenuna. Wasichana wanaohudumia wazee wengine walikuwa wameshaninong'oneza kwamba Bibi Lau siku hizi anaringa.

Daktari alikuwa mwanamke, naye Mchina, anaitwa Daktari Tam. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, mimi nakuandikia kwa Kiswahili. Alimpa Bibi Lau karatasi yenye miraba kama ya daftari la hesabu, na nukta katikati. Akamfunika jicho moja, akamwambia atazame nukta aseme anaona nini. Bibi Lau akajibu, na daktari akanitafsiria: "Anasema mistari inakwenda kama mawimbi, na katikati ni kama mtu amemwaga chai."

Jicho la pili hivyohivyo.

Daktari Tam akamchunguza kwa taa yake, kisha akanieleza. Nyuma ya jicho, katikati kabisa, kuna sehemu ndogo ambayo ndiyo hutuonyesha nyuso na herufi. Kwa wazee wengine sehemu hiyo inachakaa, na pembeni panabaki pazima. "Bibi yako anaona miguu yako," akaniambia. "Anaona mlango, anaona kikombe kilicho ukingoni mwa meza. Asichokiona ni kile anachokitazama. Ndiyo maana anakutazama sikioni. Akiangalia sikio lako, walau anapata kipande cha uso."

Baba Mkubwa, nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama na koti la bibi mkononi, nikakaa. Nikamwuliza, "Daktari, mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kuuruka mfereji na asimwone ndugu yake aliyesimama mbele yake?"

Alishangaa, mfereji umetoka wapi tena? Nikamweleza. Akasema, "Mfereji uko chini, kando ya macho, anauona vizuri. Ndugu yake yuko mbele, katikati. Katikati ndipo hapaoni."

Hilo ndilo jibu la sentensi yako. Nimelisafirisha kutoka ukumbi wa Wachina mpaka mezani kwako.

Najua wewe ni mtu wa kuuliza maswali, miaka yote ile ya kuwa mkuu wa stesheni hukukubali treni imechelewa bila kuambiwa kwa nini. Utauliza, kama kuna ugonjwa wa namna hiyo mbona hatujausikia? Na mimi niliuliza hivyohivyo. Daktari Tam alisema alipokuwa akisomea macho walifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu wazee, na kwamba Wachina ni nadra kuupata. Basi mzee wa Kichina akija akisema haoni vizuri, madaktari walitafuta mtoto wa jicho, wasipomkuta wakasema ni uzee. Wazee wenyewe pia wakasema ni uzee. "Hatukuwahesabu, tukadhani hawapo," akaniambia. "Sasa kila nikikaa kwenye ukumbi kama huu nawakuta." Nikamwuliza ni wangapi hasa miongoni mwa Wachina. Akasema ukweli ni kwamba watu bado wanahesabu, naye hataki kunitajia namba ya kubuni, ila si wachache kama walivyoambiwa darasani.

Na kweli siku ile hakuwa Bibi Lau peke yake. Kulikuwa na babu mmoja wa ghorofa ya juu aliyekuwa ameacha kusoma magazeti akidai magazeti ya siku hizi ni uongo mtupu. Naye alikuwa nao. Kulikuwa na mwingine, na mwingine. Walikaa benchi moja, kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake na ameficha kivyake.

Nikauliza na sisi Waafrika je. Daktari akasema inasemekana kwa watu weusi ni nadra zaidi, ile hali mbaya hasa. Lakini akatikisa kichwa. "Hata sisi tuliambiwa nadra. Na nadra si sawa na hakuna."

Wakati tunazungumza, Bi Susan akaingia ametoka kazini. Alikuwa amevaa koti jipya jekundu kwa ajili ya majira haya. Akaja moja kwa moja kwa mama yake, akasimama mbele yake akitabasamu, hajasema neno. Bibi Lau akainuka kidogo kwenye kiti akamwinamia kwa adabu, kama unavyomsalimia mgeni usiyemjua. Miaka yote alikuwa akimjua binti yake kwa koti lake la kijivu. Bi Susan alipoelewa alilia mbele za watu, na mimi nikalia naye. Bibi Lau aliposikia sauti ya kilio ndipo akanyoosha mikono na kumwita kwa jina.

Baba Mkubwa, naomba nikuulize na wewe. Siku ya mazishi ulivaa nini? Mama anasema ulivaa suti nyeusi, na kofia ulivua kwa heshima ya marehemu. Ile kofia ya reli yenye kingo zilizochakaa, ambayo hata Mama Mkubwa ameshindwa kukuvua tangu ustaafu. Baba yangu maisha yake yote ametambua kwamba umefika kwa kuiona kofia ile ikipanda kilima. Siku ile haikuwapo. Na wewe hukusema neno, kwa kuwa ulikuwa unangoja. Mtoto wa jirani alisema, akaitikiwa. Angekaa kimya naye angepitwa.

Tangu hapo nimekuwa nikizikumbuka barua za mama moja moja. Aliwahi kuniandikia, akicheka, kwamba baba siku hizi akizungumza nawe anakutazama begani kana kwamba kuna mdudu, na kwamba anamimina chai kandokando ya kikombe, halafu anasema kikombe ni kibovu. Tena alisema baba amekuwa mkali kwa wajukuu, kila jioni lazima wamsomee kwa sauti, eti anawazoesha kusoma. Wakati ule nilicheka na mimi. Sasa sicheki.

Na somo la kaburini, naomba ufikiri. Ni lile lile ambalo amelisoma kwenye kila msiba wa mlima ule tangu mimi sijazaliwa, ambalo wewe na yeye mlifundishwa na bibi yangu mngali watoto. Ni mwinjilisti wa miaka yote hii, hana haja ya macho kwa somo hilo. Uliza waliokuwa karibu kama alifunua ukurasa.

Utasema, kama haoni, mbona hakusema? Kwa sababu ileile iliyomfanya Bibi Lau aseme macho yake mazuri. Mwinjilisti asiyeweza kusoma atasimamaje mbele ya watu? Nadhani anaogopa wamwambie apumzike, wamletee kiti cha nyuma, na amzoee mtu mwingine akishika kile kitabu. Na alipoambiwa amekupita wewe, aliona aibu iliyozidi kiasi, akasema "sikumwona" mara moja tu, watu wakaguna, akanyamaza. Baba yangu akinyamaza unamjua.

Mimi si daktari. Huenda nimekosea na ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa mtu akaona tena, na ikiwa hivyo nitamshukuru Mungu na wewe unicheke upendavyo. Lakini kuna kitu mnaweza kukifanya hata kabla ya kuonana na daktari. Dirisha la sebule ya baba lina nondo zilizosimama wima. Akae mbele yake, mwanga wa mchana ukiwapo, afunike jicho moja kwa kiganja, akazie jingine kwenye nondo ya katikati. Halafu abadilishe. Akisema nondo zimepinda, au ya katikati imekatika, msimwite fundi wa madirisha. Mpelekeni hospitali kubwa ya Moshi kwa madaktari wa macho, tena bila kukawia. Daktari Tam amenieleza kuwa ugonjwa huu uko wa namna mbili. Ule wa Bibi Lau unakwenda polepole na mpaka sasa hauna dawa. Upo mwingine unaovuja damu ndani ya jicho, unaomaliza upesi, na huo mara nyingine huchomwa kwa mwanga wa mashine ukazuiwa kabla haujala sehemu iliyobaki. Sijui kama Moshi wanayo mashine hiyo. Wao watajua. Ninachojua ni kwamba jicho haliwezi kungoja mpaka ndugu wawili wamalize kununiana.

Mama hawezi kumpeleka. Ameshajaribu, anajibiwa kwamba macho hayana kitu. Kaka zangu anawafukuza. Katika dunia nzima amebaki mtu mmoja ambaye akimwambia "vaa viatu twende," baba atavaa viatu. Na mtu huyo ameapa kutotia mguu kwake.

Nikumalizie habari ya Bibi Wu. Daktari alipokwisha kuwaeleza wazee wote, yule bibi mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amenuna miezi na miezi, aliinuka kwenye kiti chake, akavuka ukumbi, akasimama mbele ya Bibi Lau akasema jina lake mwenyewe: "Ni mimi, Wu." Mkubwa akaanza. Wasichana tuliokuwapo tuliduwaa, maana tulijua ni jambo zito kiasi gani. Bibi Lau akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akamtaja kwa heshima yote aliyokuwa hajampa, akarudia na kurudia. Siku hizi pale ukumbini kila anayeingia hutaja jina lake, mkubwa kwa mdogo, na mchezo unaendelea. Bi Susan amekubali mama asihamishwe kwa sasa. Uso wa binti yake hatauona tena sawasawa, hilo limeshapita, na siku nyingine namkuta ameketi dirishani akitazama kando ya mtaa, namwacha.

Sikuambii uwe kama Mchina. Najua heshima ya kwetu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Niliposahau kukuamkia asubuhi ulinirudisha mlangoni nikaingia upya. Mkubwa hamwamkii mdogo, na mimi siwezi kukuomba ufanye hivyo. Ninachokuomba ni kingine, nacho kiko ndani ya desturi yetu kabisa.

Salamu zangu mpe Mama Mkubwa, mwambie lile goti alifunge kwa kitambaa cha sufu nilichomtumia, asikiweke kabatini kama anavyoviweka vitu vyote. Nisalimie wanao wote na wakwe zako, na mchungaji wa hapo Same, na yule mzee aliyekuwa akipiga kengele ya stesheni kama bado yuko. Mama nitamwandikia mwenyewe.

Kwa baba siandiki. Salamu zake nakukabidhi wewe uzipeleke Usangi, na kila mtu kwetu anajua kwamba aliyetumwa salamu hufungua kinywa kwanza, awe mkubwa awe mdogo, na hapo hajashusha heshima yake hata kidogo. Uvae ile kofia. Simama pale uani karibu na ukuta wa jiko, umwite Eliesa, jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kumwita, useme, "Nina salamu zako kutoka kwa binti yako." Halafu nyamaza kidogo tu. Atakutazama begani. Usijali, ndivyo anavyokutafuta. Shikamoo yako anayo mdomoni tangu siku ile.

Ni mimi mwanao,

Namsifu